Mkeka wa Kilo Themanini

Gikonyo alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na dawa yake haikuuzwa katika duka lolote la Kitale: akiona waya mbili, lazima aziunganishe. Mchana alikuwa mtu wa maana kabisa, akiuza chakula cha kuku na dawa za ng'ombe katika agrovet moja karibu na stendi. Akifika nyumbani, nje kidogo ya mji upande wa Kiminini, alivua shati la kazi, akafungua mkebe wa biskuti uliojaa matumbo ya redio zilizokufa, akachomeka chuma chake cha kulehemu, na hapo usimwongeleshe. Risasi ikianza kuyeyuka na moshi wake kumwingia puani, alitabasamu peke yake.

Alijifunza yote kwenye video za simu. Kwa hivyo alijua mambo mengi nusu nusu. Aliwahi kutengeneza taa ya kujiwasha yenyewe jua likizama, ikawa inajiwasha kila wingu likipita, na nyinyi mnajua Kitale na mawingu yake. Akatengeneza kengele ya kuwakamata wezi wa kuku. Kuku mmoja akikohoa, mtaa mzima unaamka. Jirani yao Kiptanui alivumilia wiki mbili, halafu akaja mlangoni na koleo mkononi, akasema kwa upole sana, "Gikonyo, hiyo waya, ikate wewe ama niikate mimi." Gikonyo akaikata mwenyewe, roho ikimuuma kama mtu anayeng'olewa jino zima.

Mkewe Linet alimvumilia kwa sababu alimpenda. Tena alikuwa anacheka sana, na mtu anayependa kucheka akiolewa na Gikonyo hawezi kukosa kazi.

Lakini mwaka huu kicheko kilikatika kidogo. Mtoto wao wa kwanza, Wanyoike, alizaliwa kabla ya siku zake, kilo moja na robo tatu, na Linet akajifungua kwa upasuaji. Daktari aliwaambia wazi wazi: mama asiinue kitu kizito wiki sita, na mtoto asiachwe bila mtu wa kumpasha joto, kumnyonyesha kwa saa na kumwangalia anavyopumua. Gikonyo alikuwa amepewa siku tatu za likizo. Mama yake mzazi alikuwa ameshafariki. Akabaki mtu mmoja tu duniani, na huyo alikuwa Peris, mama yake Linet, mjane wa Kamukuywa kule Bungoma.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na kazi. Peris alikuwa Mbukusu wa kushika mambo ya nyumbani kwao kwa mikono miwili, na kwa watu wake mama na mume wa binti yake hawaonani uso kwa uso. Hawashikani mkono, hawali pamoja, na wakikaribia kugongana njiani mmoja anajitosa ndani ya mahindi mpaka mwenzake apite. Sio chuki, jamani. Ni heshima, tena kubwa. Wengi siku hizi wameilegeza, wanapiga na picha pamoja wakiwa wameshikana mabega. Peris akiona picha kama hizo alizigeuza zikatazama ukuta. Siku Gikonyo alipopeleka wazee kwenda kuomba mke, yote aliyoonyeshwa ya mama mkwe wake yalikuwa leso ya manjano ikikata kona ya nyumba. Sauti tu ndiyo aliyoijua, na sauti yenyewe ilikuwa kubwa. Peris alikuwa anaongoza kwaya bila kipaza sauti.

"Nitakuja mwezi mmoja," Peris alimwambia Linet kwa simu, na Gikonyo aliyekuwa chumba kingine akasikia kila neno. "Nitalala hapo jikoni kwenu nje, siwezi lala kwa nyumba ya mkwe. Na siku nitapatana na huyo kijana macho kwa macho, siku hiyo hiyo narudi Kamukuywa. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Naye amesikia?"

"Amesikia," Gikonyo akajibu mwenyewe kutoka chumbani, kisha akaziba mdomo.

Linet alikata simu akamtazama mumewe. Hakuwa anacheka. "Baba Wanyoike, mimi siwezi hata kubeba jagi. Mama akienda, tumeisha. Wewe fanya kila kitu, lakini msikutane."

Msikutane! Mtu mwingine angetundika pazia. Mtu mwingine angekohoa kabla ya kutoka nje, kama mababu zake walivyokohoa. Lakini ukishamwambia Gikonyo kwamba kuna shida, basi ndani ya shida kuna mlango, na kando ya mlango kuna nafasi ya kupitisha waya. Macho yalimng'aa mpaka Linet akajuta.

Ramani ilikuwa hivi. Nyumba yao ilikuwa na sebule mbele na chumba cha kulala nyuma. Uani kulikuwa na jiko la mabati, atakamolala Peris, na mkabala wake bafu na choo. Hatari yote ilikuwa uani. Gikonyo akaamua kutengeneza mkeka wa umeme, auweke mlangoni mwa jiko. Mama akitoka, atakanyaga. Akikanyaga, king'ora kidogo kitalia sebuleni na kingine bafuni. Na popote Gikonyo atakapokuwa, atatulia hapo hapo mpaka mama apite.

Mkeka wenyewe haukuwa na maajabu. Vipande viwili vya katoni, kila kimoja kimegandishwa karatasi ya foili ya kufungia chapati. Katikati yake sponji ya godoro kuukuu iliyotobolewa matundu. Ukikanyaga, sponji inabonyea, foili inagusa foili kupitia matundu, umeme wa betri unapita, na kitu kinalia. Ukiondoka, sponji inainuka, kimya. Ving'ora alivitoa ndani ya saa za kengele zilizoharibika, na waya akaupitisha juu ya kamba ya kuanikia nguo mpaka bafuni.

Ujuzi wote ulikuwa kwenye unene wa sponji. Ikiwa nyembamba mno, paka akipita inalia. Ikiwa nene mno, inataka tembo. Kwa hivyo Gikonyo alihitaji kujua kitu kimoja, na hicho kimoja ndicho kilichomtoa jasho siku nzima kabla ya kufungua mdomo.

"Linet," akasema, huku akijifanya anatafuta bisibisi. "Mama yako ni mtu wa kilo ngapi?"

Linet aliyekuwa ananyonyesha aliinua kichwa polepole. "Unataka kumuuza?"

"Ni ya mkeka."

"Wewe, mkwe mzima, unauliza uzito wa mama mkwe wako!"

"Siulizi mimi. Mkeka ndio unauliza."

Linet akacheka mpaka akashika kidonda. "Wacha, nitapasuka! Mama ni mama, bana. Ni mtu amejaza mlango. Kama themanini hivi, hata na kitu juu."

Gikonyo aliridhika, maana themanini ililingana kabisa na ile sauti. Akachukua gunia la kilo sabini la chakula cha kuku na mfuko mmoja wa kumi, akapima sponji, akakata, akapima tena. Gunia la sabini peke yake: kimya. Ukiongeza mfuko wa kumi: ngriiii! Kiptanui akachungulia juu ya ua. Gikonyo akampungia mkono kwa furaha.

Jumatano mchana, Gikonyo akiwa kazini, Peris akafika amevaa sweta mbili, koti na leso juu, akisema baridi ya Kitale sio ya kuchezea. Alimpokea mtoto mikononi, na kuanzia saa hiyo nyumba ikakaa sawa. Maji yalichemka kwa wakati, nepi zilianikwa, Wanyoike akaanza kunyonya kama mtu mwenye mpango. Linet alimwona mama yake uso umeingia ndani kidogo, akamuuliza. Peris akasema ni meno, aling'olewa matatu nyuma, mashavu yakakosa mahali pa kuegemea. Linet akaamini. Ungekuwa wewe ungeamini pia, jinsi ile sauti ilivyokuwa inatikisa mabati.

Alhamisi na Ijumaa Gikonyo alikuwa akitoka asubuhi na mapema na kurudi jioni, hakuna aliyekutana na mtu. Yeye akaona ni mkeka unafanya kazi. Hakujiuliza kwa nini haukuwa umelia hata mara moja. Mtu akishapenda kitu alichokitengeneza, masikio yake hupata likizo.

Jumamosi aliruhusiwa nusu siku. Mchana, jua likiwaka vizuri, akaingia bafuni kuoga. Taulo kubwa lilikuwa limefuliwa, basi akachukua lile lililokuwepo, taulo dogo la Wanyoike lenye picha ya bata. Alijimwagia maji akiimba. Akimaliza, akatulia kidogo na kukitazama king'ora kilichoning'inia juu ya mlango. Kimya. Njia safi! Akajifunga bata wake, akatoka na wimbo.

Na Peris naye akatoka jikoni na beseni la maji ya moto ya kumwogesha mtoto. Alikanyaga mkeka kwa mguu wa kulia, akakanyaga kwa mguu wa kushoto, akaupita. Mkeka ulinyamaza kama umelipwa.

Wakakutana chini ya kamba ya nguo, hatua tatu kati yao.

"Mayi wee!" Peris akapiga ukelele, akaachia beseni, akavuta leso mpaka kidevuni.

Gikonyo naye alikuwa na heshima zake. Kitu cha kwanza alichofikiria ni kufumba macho ili asimwone mama. Mungu alimpa mikono miwili tu, na yote miwili akaipeleka usoni. Taulo la mtoto likabaki bila mtu wa kulishika, na taulo la mtoto, mwanangu, halijui kujishika lenyewe.

Kutoka upande wa pili wa ua, Kiptanui alisema, "Haki ya nani!"

Baada ya dakika kumi Gikonyo alikuwa sebuleni, amevaa suruali, shati, sweta na koti, kana kwamba nguo za sasa zingeweza kulipia zile zilizokosekana. Uani alisikia zipu ya mfuko wa safari. Linet alikuwa amesimama mlango wa nyuma, mtoto kifuani, analia.

"Mama, tafadhali. Siku tatu tu na unaenda? Mtoto nitamlea vipi na hiki kidonda?"

"Nilisema. Si nilisema? Sio mimi nimevunja. Nimeona kitu mama hawezi kuona na abaki hapo anakunywa chai."

Gikonyo aliketi kwenye kochi kichwa kikiwa kati ya magoti. Aliogopa kwa kweli. Akilini alimwona Wanyoike akiwa peke yake na mama asiyeweza hata kuinua maji ya kumwogesha, na yeye mwenyewe akiwa kazini anapima vitamini za kuku wa watu. Yote kwa sababu ya kipande cha godoro. Alisimama, akausogelea ukuta wa nyuma, akageuka akaupa mgongo, akasema kwa sauti:

"Mama! Nisamehe. Makosa ni ya mkeka, na mkeka ni wangu. Huo mkeka ulitakiwa kulia ukiukanyaga. Niliupima vibaya."

Uani zipu ilisimama.

"Uliupima na nini?" ile sauti ikauliza.

Gikonyo akafikiria kudanganya, akaona hana hata nguvu ya uongo. "Na gunia, Mama."

"Gunia ya nini?"

"Ya chakula cha kuku. Na mfuko mwingine juu yake."

Linet alifumba macho akingoja dunia iishe. Halafu kule jikoni kitu kikaanza kutetemeka, kikapanda, kikatoka: Peris alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaketi juu ya mfuko wake wa safari. Alipopata pumzi akasema, "Nakupea leo tu, mkwe. Leo tu. Hiyo kitu ikinisikia nikitembea, nitamaliza mwezi wangu. Isiponisikia, kesho asubuhi niko kwa barabara."

Kazi ikaanza. Linet aliweka mtoto kitandani, akawa anapeleka mkeka na kuurudisha, maana ulikuwa mwepesi. Gikonyo aliipunguza sponji kwa wembe, unyoya kwa unyoya, kisha Linet anaupeleka mkeka jikoni.

"Nimekanyaga!" Peris anaita.

"Haujalia, Mama!"

"Nimekanyaga tena! Sasa nimeruka!"

"Bado!"

"Mkwe, unataka nibebe gunia ndio nipite?"

Wembe tena. Sponji ikatoka unene wa mkate, ikafika unene wa chapati. Mara ya saba, Peris alipokanyaga, ngriiii! Linet akapiga makofi. Mtoto akaamka. Kiptanui naye alisikika akishukuru Mungu, ingawa hakuna aliyejua kwa nini. Mfuko wa safari ukafunguliwa, leso zikarudi kwenye msumari.

Hapo kazi ingekwisha, lakini fundi wa video hajui kuacha kitu hivyo hivyo. Alitaka kuandika kipimo kwenye daftari lake. Akautandaza mkeka sebuleni akaanza kupanga mifuko ya kilo kumi kumi. Mmoja, kimya. Miwili. Mitatu. Aliweka wa nne, kimya, akaongeza pakiti ya unga ya kilo mbili, ngriiii. Akarudia mara tatu. Kila mara jibu lilikuwa lile lile.

"Linet, njoo uone vituko," akaita akicheka. "Mkeka umeharibika. Unasema mama yako ni kilo arobaini na mbili. Hata mfuko mmoja wa mbolea haujai!"

Linet alikuja akicheka, akaitazama mifuko. Aliihesabu kwa kidole. Kicheko kikamwishia mdomoni. Akarudi chumbani kuangalia mtoto, akasimama huko kidogo, kisha Gikonyo akasikia miguu yake ikivuka ua kuelekea jikoni.

"Mama, toa hiyo koti."

"Nimesikia baridi."

"Mama. Toa."

Gikonyo alibaki na pakiti ya unga mkononi. Ukuta wa mabati haufichi kitu. Alisikia koti likivuliwa, sweta ya kwanza, sweta ya pili. Halafu akamsikia mkewe akivuta pumzi kwa nguvu.

"Ni meno," Peris akasema. Safari hii sauti haikufika hata kwenye kamba ya nguo.

"Wacha meno! Mkono wako huu, Mama. Kila Jumapili nakupigia simu unaniambia umekula."

"Nakula. Nakunywa chai."

"Chai na nini?"

"Chai na chai," Peris akasema. "Tangu baba yako Walubengo aende, miaka miwili sasa, unawasha moto, unasonga ugali, unaweka kwa meza, na hakuna mtu wa kuuliza mbona leo mboga ina chumvi. Nilisonga ya mtu mmoja miezi kama miwili. Halafu nikaona ni kujisumbua. Hospitali wamenipima kila kitu, hawajaona ugonjwa. Sina ugonjwa, mwanangu. Sina tu sababu ya kuchafua sufuria."

Linet akaangua kilio kile cha kutoka tumboni, kidonda au hakuna kidonda. Gikonyo naye, huko sebuleni, alijikuta amekumbatia unga. Miaka miwili! Mtu amejimaliza polepole kule Kamukuywa, sauti yake tu ndiyo imebaki nzima, na wao wanasikia sauti kwa simu wanasema mama yuko sawa. Alikasirika, hakujua amkasirikie nani. Akauendea ukuta, akaupa mgongo tena.

"Mama!"

"Sema, mkwe." Aliitika kwa uchovu.

"Kazi yangu ni kuku. Mtu akituletea habari ya kuku aliyepungua nusu, hatumwambii amrudishe akae peke yake. Tunamwambia amuweke na wenzake, amlishe, asimwondolee macho mpaka akae sawa. Hiyo mambo ya mwezi mmoja, mimi nimeikataa. Utakaa mpaka mkeka useme."

Linet aliacha kulia kwa mshtuko.

"Linet," Peris akasema mwishowe. "Huyu bwana yako ameniita kuku?"

"Amekuita, Mama."

"Na akiwa amenipa mgongo?"

"Amekupa mgongo kabisa. Amesimama kama askari."

"Basi ana adabu." Alipenga pua kwa nguvu. "Mwambie nimesikia."

Jioni hiyo jua likiwa bado juu ya mahindi ya Kiptanui, mkeka umerudi mlangoni mwa jiko, Gikonyo mwenyewe alisonga ugali sebuleni kwa jiko la gesi, akakaanga mayai manne na sukuma, akapakua sahani mbili. Moja akaiweka juu ya kiti mlango wa nyuma, akarudi sebuleni, akafunga mlango. King'ora kikalia mara moja, mama amekanyaga kutoka. Kikalia tena, amerudi na sahani. Aliketi na sahani yake mapajani, hakuigusa. Alikuwa anategea sikio ukutani. Kwanza hakusikia kitu. Kisha akasikia kijiko kimoja, na kingine, na baadaye kijiko kikikwaruza chini ya sahani tupu.

"Linet!" ile sauti ikapaa juu ya mabati yote ya mtaa. "Muulize huyo mkwe, hii ugali alikuwa anapimia Wanyoike? Aongeze! Na mboga iko na chumvi mingi."